Jinsi ya kukagua mashua ya tanga ya zamani kabla hujatoa hela (hatua nilizopita na mpwa wangu Mikindani)

Mtoto wa dada yangu alitafutiwa mashua na dalali pale Mikindani, Mtwara, ya zamani lakini inang'aa, rangi nyeupe na bluu, kamba mpya, tanga limekunjwa vizuri. Akanipigia: "Shikamoo mjomba, njoo uione kabla sijalipa." Tukaikagua, akainunua, na toka hapo vijana wananiuliza sana, hasa wale wanaotaka chombo cha kupeleka wageni Msimbati au kubeba mzigo kwenda Kilwa, kwa hiyo naandika yote hapa kila mtu asome. Naongelea chombo cha mbao tu. Mashua iliyotunzwa kweli inastahili kulipiwa hela nzuri, ila utunzaji wenyewe uko chini ya maji na ndani ya ngama (tumboni chini kabisa, maji yanapokusanyika), na huko ndo dalali hakupeleki.

Vifaa

Nyundo ndogo, tochi ya kichwani, patasi, chaki, ndoo mbili, vitambaa vikavu, na bisibisi ya zamani iliyoisha ncha. Watu wengi wanakuja na kisu, mi kisu sikitaki kabisa, kinaingia hata kwenye mbao nzima halafu unaogopa bure au unamharibia mwenzio chombo. Bisibisi butu inazama pale palipooza tu, palipo pazima inagoma.

Hatua ya 1: Uliza kwenye simu kwanza

Mara ya mwisho ilitolewa majini lini, kalafati (pamba ya kuziba mishono ya mbao) ilitiwa na fundi gani, ubao wa chini ni mti gani, misumari ni ya kawaida au ile iliyochovywa zinki isishike kutu, na kama ilikuwa upande wa Kilwa wakati wa kimbunga Hidaya Mei 2024 ililazwa wapi. Mtu anayekipenda chombo chake anakujibu hapo hapo, jina la fundi analo, mwezi anaukumbuka. Akianza "aah njoo tu utaona" nenda, lakini nenda ukijua.

Hatua ya 2: Huku juu

Chumvi haiozeshi mbao kama watu wanavyodhani, kinachoozesha ni mvua. Maji ya mvua yakituama kwenye kona, ukungu unakula ubao taratibu chini ya rangi na rangi inabaki nzuri. Kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye kona: chini ya sitaha ya tezi (nyuma), mbao za ndani pale omo (mbele), na shina la mlingoti pale linapoingia kwenye kikalio chake, hapo ndo maji yanajificha kuliko kote. Bonyeza kwa bisibisi. Ukiweza kagua mara baada ya masika, kila panapovuja patakuwa na alama bado.

Foromali (mti unaobeba tanga) angalia pale miti miwili ilipoungwa na kufungwa kamba, na pale henza (kamba ya kulipandishia) inaposugua. Tanga likunjue lote juani, usikubali kuoneshwa mkunjo wa juu. Jua linakula uzi kabla ya kitambaa, kwa hiyo chokonoa mshono kwa ncha ya msumari, uzi ukikatika kirahisi basi tanga zima linahitaji kushonwa upya hata kama kitambaa bado kigumu.

Hatua ya 3: Ngama

Toa mbao za kukanyagia zote. Zote, hata zile zilizopigiliwa, muombe mwenyewe azing'oe. Gonga kila taruma (ubavu wa mti wa ndani ya chombo) kwa nyundo na usikilize, zima linalia kavu na kali, lililooza linalia bubu. Mataruma mazuri yametokana na miti iliyopinda yenyewe, nyuzi za mti zinafuata mpindo, ukiona yamechongwa kutoka kwenye mti ulionyooka jua yatapasuka.

Hatua ya 4: Ilaze wakati wa bamvua

Hapa ndo pana kazi na hapa ndo tulimaliza muda wetu karibu wote, kwa hiyo soma taratibu.

Kwetu huku kusini huhitaji chelezo (mahali pa kupandishia chombo kitengenezwe). Maji ya bamvua yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, yanatosha kuweka mashua nchi kavu na kuirudisha. Bamvua inakuja siku chache baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, na siku hizo maji yanakupwa kabisa kwenye saa nne, saa tano asubuhi, yaani una mwanga mzuri wa kufanyia kazi. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika hamsini. Usijaribu wakati wa maji mafu (siku ambazo hayapandi wala kushuka sana), utabaki na mashua imekalia tope nusu na huoni kitu.

Chagua mahali pa mchanga mgumu, pita kwa miguu siku moja kabla wakati maji yamekupwa uokote mawe na uangalie kama hakuna mwamba, maana mashua ikikalia jiwe kwa uzito wake wote ubao unapasuka na hapo utamlipa mwenye mali. Farumi yote (uzito wa kukituliza chombo) itoeni ndani. Ingieni wakati maji bado yako kiunoni, chombo kitaegemea upande mmoja chenyewe kadiri maji yanavyotoka, na nyie mnaamua upande gani kwa kuhamishia mizigo kidogo huko. Upande ulioegemea huuoni! Kwa hiyo hesabu siku mbili, leo ubavu wa kulia, kesho wa kushoto. Mwenye mali akisema siku moja inatosha mwambie kwa heshima, "Mzee wangu, naomba na kesho," asiyeficha kitu hakatai.

Maji yakishatoka, kwanza gonga kwa nyundo ubao kwa ubao kuanzia omo mpaka tezi, na kila panapolia bubu piga alama ya chaki. Hapo unamtafuta mdudu anayekula mbao baharini. Watu wanamwita mnyoo lakini ni jamii moja na kombe na chaza, anaingia akiwa mdogo sana kwenye tundu kama la pini, akishaingia anakua humo humo na kuchimba kufuata nyuzi za mti, kwa hiyo nje unaona kitobo ambacho huwezi hata kukihesabu na ndani kuna njia ya kuingia kidole. Kwaruza rangi kwa patasi pale ulipoweka chaki, ukiona vumbi jeupe gumu kama chokaa basi ni yeye, ndo ganda analopaka kwenye njia yake.

Anapenda kuingilia chini ya mkuku (mti mrefu wa chini kabisa, uti wa mgongo wa chombo), kwa sababu mkuku unaburuzwa mchangani na dawa yote inatoka, na chini ya mkuku ndo hakuna anayeangalia kwa sababu chombo kimeukalia. Chimba mchanga kwa mikono chini yake, kipande kifupi, kagua kwa kupapasa na tochi, rudisha mchanga na ushindilie, halafu sogea mbele uchimbe kingine. Usichimbe kirefu kwa mara moja, uzito utahama na chombo kitajinyonga. Angalia hasa pale mkuku unapoungana na fashini ya tezi (mti unaosimama nyuma), na ubao wa kwanza unaokaa juu ya mkuku, kulia na kushoto. Mkuku ukiwa umeliwa urefu wake wote, ondoka, hiyo ni mashua mpya unatakiwa kuijenga.

Misumari: ukiona duara jeusi kwenye ubao kuzunguka kichwa cha msumari, bonyeza hapo na bisibisi. Kutu inalainisha mti unaouzunguka, msumari unabaki umekaa kwenye uji, hata ukiugonga haushiki. Michache ni kawaida kwa chombo cha umri, mstari mzima kufuata taruma moja sio kawaida.

Sasa kuvuja. Mashua ya mpwa wangu ilikuwa inaingiza maji kidogo na hatukujua wapi, maana maji yanaingilia sehemu moja, yanatembea nyuma ya mataruma, yanatokea kwingine kabisa. Tulichofanya ni kinyume chake, chombo kikiwa nchi kavu tukamimina maji ndani ya ngama tukaenda kuangalia nje yanatokea wapi. Yalitoka kwenye mshono mmoja karibu na fashini, tone, tone, tone, pamba imetoka urefu wa kiganja. Lakini shika haya: tumia maji ya bahari, usitie ya kisima, hayo ndo yanayoozesha. Usijaze kupita kina cha kiganja, uzito wa maji ukisukuma kutoka ndani unafungua mishono mizima. Pangusa nje pakauke kwanza kwa kitambaa, la sivyo utadanganywa na maji yanayojichuruza toka juu. Na uyatoe yote kabla bahari haijarudi.

Tena kitu kingine, kama mashua umeikuta nchi kavu imekaa wiki nyingi juani, mbao zimesinyaa, lazima ivuje ukiishusha, hiyo sio kasoro. Iache majini siku mbili tatu ivimbe ndo uhukumu. Na ukikuta mishono imejazwa silikoni badala ya pamba, shusha bei, kwa sababu mbao ikivimba silikoni inasukumwa nje na kazi yote ya kalafati inaanza upya. Pamba iliyolowekwa mafuta na kugongewa na fundi anayejua, chini deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa), juu sifa (mafuta ya papa), mpaka leo sijaona kinachoizidi kwenye chombo cha mbao. Iliyovishwa faiba juu ya mbao za zamani mi siinunui hata kwa bei ya kutupa, unyevu unafungiwa ndani, ubao unaoza na huwezi kuugonga wala kuuona.

Hatua ya 5: Pandisha tanga

Chombo cha zamani kinaweza kukaa kikavu kabisa kwenye nanga halafu kikavuja kikitembea, kwa sababu tanga likivuta mlingoti, mwili mzima unajinyonga na mishono inafunguka. Kwa hiyo kausha ngama mpaka kwa kitambaa, tokeni nje ya ghuba kwenye upepo wa maana, kusi ya mchana inafaa, bisheni (kwendeni mshazari mkiukabili upepo) saa nzima upande mmoja na saa nzima upande mwingine, mkirudi pima maji kwa ndoo. Usiwashe mashine hata mara moja kwenye jaribio hili. Shika usukani mwenyewe, ukiwa unacheza kwenye bawaba utausikia mkononi.

Hatua ya 6: Bei na karatasi

Rudi na orodha yako ya chaki, kaa na fundi wako (sio wa dalali), mpige hesabu kila ubao wa kubadilisha na mbao yake, misumari, pamba na siku za kazi, halafu toa hiyo kwenye bei mbele ya muuzaji. Chombo cha mizigo na abiria kiwe na cheti cha usajili na cha ukaguzi vya TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), cha uvuvi kiwe na namba na leseni yake ya halmashauri, na jina kwenye cheti liwe la huyo huyo anayepokea hela. Kama marehemu baba yake ndo aliyeandikwa, warithi wote wasaini hati ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wa pande zote mbili. Kwenye hati andikeni na vitu vinavyokwenda na chombo kimoja kimoja: tanga, foromali, nanga ngapi, amari (kamba ya nanga), usukani, mashine kama ipo na namba yake.