Kerneli Ikizima Katikati ya Uchunguzi wa Mbali: Anza na Waya

Seva iko Shimanzi, Mombasa, wewe uko Nyali ng'ambo, umesimamisha kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux kwa kgdb, kichunguzi kilichomo ndani ya kerneli, mara gdb, programu unayokiamuru nayo kutoka mashine nyingine, haijibu. Usiguse msimbo bado. Kwanza jua kilichozima ni kipi: kerneli, gdb, au kiungo kilicho kati yao, yaani waya wa siriali. Kwenye skrini, hali zote tatu zinafanana.

Tena hakikisha kweli kuna kilichozima. kgdb ikisimamisha kerneli, prosesa zote husimama, kwa hiyo SSH (njia ya kuingia kwa mbali) ya seva hiyo hukwama na ping haijibiwi. Hiyo ni kawaida. Usikimbilie kuzima umeme, utapoteza ushahidi wote.

Ushahidi wenyewe unapatikana hivi. Ndani ya gdb, kabla ya kuunganisha:

set remotelogfile kgdb.log
set debug remote 1

Kila pakiti nzima inayofika, kgdb huikiri kwa alama ya +. Ukiona - maana yake pakiti imefika na hesabu yake ya ukaguzi haikulingana: waya unaharibu herufi. Ukiona + kisha kimya, na ombi halikuwa la kuiachia kerneli iendelee (continue), huenda kgdb imepokea ombi ikakwama ikilitekeleza. Hapo shuku kwanza upande wa kerneli. Usipoona chochote, ama waya umekatika ama kerneli haikuwahi kuingia kgdb.

Waya Mombasa una adui wake. Hewa ya chumvi hula pini za plagi ya DE-9 (ile ya siriali yenye pini tisa), na kutu ya kijani hujificha ndani ambako huioni mpaka umulike kwa tochi. Chomoa, safisha kwa spiriti ya isopropili, iache ikauke kabisa, kisha kaza skrubu zote mbili. Waya uwe wa kupishana: pini 2 iende 3, 3 iende 2, na 5 iende 5. Bodi ndogo za volti 3.3 zisiunganishwe moja kwa moja na RS-232, yaani siriali ya kawaida yenye volti kubwa zaidi, zitaungua.

Kasi ya siriali ilingane pande zote. Kwenye seva, amri za kuwasha kerneli ziwe na kgdboc=ttyS0,115200 na nokaslr (inayoizuia kerneli kubadilisha anwani zake kila inapowaka). Kwenye mashine ya pili, yenye gdb (vmlinux ni faili ya kerneli yenye majina ya vitendaji, yaani functions):

gdb ./vmlinux
set serial baud 115200
target remote /dev/ttyUSB0

Ujumbe "Ignoring packet error, continuing..." mara nyingi hutokana na kasi tofauti, au programu nyingine inayosoma bandari ileile. Angalia kwa sudo fuser -v /dev/ttyUSB0. Akipatikana ModemManager (programu ya kusimamia modemu), msimamishe.

gdb yenyewe iendeshe kwenye kompyuta iliyo karibu na seva, ndani ya tmux (inayoiacha iendelee hata SSH ikikatika), nawe uingie huko kwa SSH. gdb huuliza vijipande vidogo na kungojea jibu la kila kimoja, na kwa kawaida hungojea sekunde 2 tu. Ukiipitisha kwenye mtandao wa simu unaosuasua, itakata tamaa wakati kerneli ni nzima. Ikibidi, weka set remotetimeout 20.

Seva ikijiwasha upya yenyewe ukiwa umeisimamisha, mshuku mlinzi wa maunzi, yaani wochidogi. Kerneli huweka sawa walinzi wake wa ndani inapoendelea, lakini saketi ya nje haijui kwamba umesimama kwa makusudi. Muda ukiisha, inapiga riseti. Izime kwenye BIOS, na kwenye systemd (msimamizi wa huduma za Linux) weka RuntimeWatchdogSec=0. Kuna na hili linalosumbua wengi: kama cat /proc/sys/kernel/panic si 0, kgdb haikamati paniki (kerneli inapoanguka kabisa), mashine huendelea na mpango wake wa kujiwasha upya. Iweke 0.

Anwani zikionyesha vitendaji visivyoeleweka, vmlinux yako si ya ujenzi uleule unaoendeshwa, au umesahau nokaslr. Kwa moduli (vipande vya kerneli vinavyopakiwa baadaye) tumia lx-symbols, amri ya gdb ya kupakia majina yake. Secure Boot (ulinzi wa kuwasha programu zilizosainiwa tu) ikiwa imewashwa, kerneli inaweza kuwa imefungwa na kgdb ikakataliwa kabisa.

Paniki ya "Recursive entry to debugger" inaweza kuja pale brekipointi (alama ya kusimamisha msimbo) inapowekwa kwenye msimbo ambao kgdb yenyewe inautumia, kwa mfano draiva ya bandari ya siriali: kgdb inajikamata ikiwa kazini. Iondoe, uisogeze juu kwa kitendaji kinachoita huo msimbo. Kuna pia hbreak, brekipointi inayowekwa ndani ya prosesa yenyewe. X86 ina nafasi 4 tu za namna hiyo, zitunze kwa sehemu ambazo brekipointi ya kawaida haikubali kuandikwa.