Kupunguza C ili Ubuntu ipate pa kukaa

Laptopu nyingi ninazoletewa hapa Arua ni za mtumba kutoka Kampala: diski ya GB 500, Windows ndani, na C, yaani sehemu ya diski inayokaa Windows, imetandaa karibu diski nzima. Mwenyewe anataka Ubuntu, mfumo endeshi mwingine wa bure, ila Windows asiiache. Inawezekana, na huhitaji kununua programu yoyote.

Nakili kwanza faili zako kwenye flashi au diski ya nje. Hilo sibishani na mtu. Kama BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski, imewashwa, andika ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye karatasi, kisha izime na usubiri imalize kufungua diski. Hakikisha betri inashika chaji. Umeme wetu mnaujua.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua Disk Management, bofya C kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Shrink Volume. Hapa ndipo wengi hukwama: C ina GB 300 tupu, lakini Windows inakubali kuachia GB 12 tu. Haidanganyi. Kuna faili isizoweza kuzisogeza ikiwa kazini, na ikiwa moja imekaa katikati ya diski, mkato hauwezi kupita hapo.

Basi ziondoe. Fungua Command Prompt kama administrator, andika powercfg /h off. Hiyo inafuta hiberfil.sys, faili ya kulaza kompyuta, na kuzima Fast Startup, uwashaji wa haraka wa Windows, ambao ingekusumbua baadaye Ubuntu ikitaka kuandika kwenye C. Zima System Protection ya C, inayotunza nakala za kurudishia Windows ikiharibika, na ufute nakala zake za zamani. Kwenye mipangilio ya Virtual memory chagua No paging file, ili Windows iache faili inayoitumia kusaidia RAM, bonyeza Set, kisha zima na kuwasha upya. Rudi Shrink Volume: mara nyingi namba ya GB inazokubali kuachia hupanda. Isipopanda, ingia Event Viewer, daftari la matukio ya Windows, sehemu ya Application, utafute tukio namba 259: linataja faili iliyozuia kwa jina. Mafundi wengi wanaruka hatua hii na kukimbilia kufomati, kazi bure kabisa.

Kiasi cha kukata kwenye Shrink Volume kinaandikwa kwa MB. Ubuntu inaridhika na GB 25, lakini mimi hutoa 60, yaani 61440. Ukianza kusakinisha vitu, 25 zinaisha upesi.

Nafasi mpya itaonekana na mstari mweusi, Unallocated. Iache hivyo hivyo. Usiigeuze kuwa D, hasa kwenye diski iliyopangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, ambayo haibebi zaidi ya patisheni (sehemu) kuu 4. Rudisha paging file na System Protection, washa Windows uone iko salama, ndipo uchomeke flashi ya kusakinishia Ubuntu.