Somo: Kumtafuta mchoraji aliyefichika ndani ya ukoo

Familia nyingi za Nairobi zimewahi kuwa na mchoraji, lakini hatajwi hivyo. Utaambiwa alikuwa mwalimu, karani wa reli au fundi wa mabango, kisha mtu aongezee, "alipenda kuchora pia." Riziki ndiyo iliyompa jina. Rosemary Karuga alisomea sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, akafundisha shule kwa miongo, na ni katika miaka ya 1980 ndipo alipoirudia kazi yake, akibandika vipande vya karatasi za sabuni na pakiti za unga hadi zitoe sura za watu na wanyama. Alifariki 2021 akiwa anaheshimiwa nje na ndani ya nchi. Wako wengi waliokuwa na kipawa na wakafa wakijulikana kama mwalimu tu.

Somo hili, kwa wanachama wa kundi letu la kutafuta historia za koo, ni la aliyerithi mchoro mmoja ukutani pamoja na jina. Rai yangu ni moja: tafuta kazi zake kwanza. Habari za maisha yake utazikuta zimeandamana nazo.

Hatua ya kwanza: wazee, leo

Nyaraka zitakungoja, mzee huenda asikungoje. Nenda kwa aliye mkongwe kuliko wote, hata kama kumbukumbu zinamyumba, na ubebe mchoro wenyewe. Ukimuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, atakupa maneno ya matanga: mcha Mungu, mpenda watu. Muulize alinunua rangi wapi. Alichora mchana au usiku kwa taa? Nani aliketi kuchorwa? Nani alipewa mchoro siku ya harusi?

Kwetu mchoraji alikuwa babu mdogo, karani aliyeishi nyumba za reli pale Muthurwa. Shangazi yangu hakuwa na la kusema juu yake hadi nilipomuuliza kuhusu harufu. Hapo akacheka. Tapentaini ilijaa chumba kizima, akasema, na bibi alikuwa akimfukuza mumewe akachorie nje. Kutoka hapo akawataja majirani waliohama na michoro yake kwenda Nakuru. Swali la "alikuwa nani" lisingetufikisha Nakuru.

Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu. Mwache azungumze lugha ya nyumbani, tafsiri itakuja baadaye. Kisha rudi tena, kwa sababu ukishaondoka ndipo mengi humjia.

Hatua ya pili: geuza mchoro

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mbele ya mchoro pana kazi yake, nyuma pana safari yake. Ulaze kifudifudi juu ya leso safi, karibu na dirisha, na usome kila alama: jina, tarehe, bei ya penseli kama 60/-, stika ya jumba la sanaa, mhuri wa mtengeneza fremu, namba ya maonyesho.

Anwani kwenye stika ni ushahidi mzuri sana kwa mji huu, kwa kuwa barabara zetu zilibadilishwa majina. Ukiona Delamere Avenue, hiyo ndiyo Kenyatta Avenue kabla ya uhuru. Victoria Street ikawa Tom Mboya Street baada ya Mboya kuuawa 1969. Government Road ikawa Moi Avenue baada ya Moi kushika urais 1978. Ila usikimbilie kuandika mwaka: fundi huweza kumaliza stika zake za zamani miaka mingi baada ya jina kubadilika, na fremu huweza kuwa changa kuliko mchoro. Andika "huenda kabla ya 1969" na uendelee kutafuta.

Usibandue karatasi ya nyuma, wala usipanguse mbele kwa kitambaa chenye maji, hata kama moshi wa jikoni umeuganda. Rangi iliyopasuka hubanduka na maji. Vumbi lililo juu tu huondolewa kwa brashi laini na kavu, na kama rangi inainuka, hata brashi usiiguse.

Hatua ya tatu: daftari la kazi

Kila mchoro upewe namba yake. Andika vipimo kwa sentimita, umechorwa juu ya nini (kanvasi, hadibodi, karatasi, ukuta), uko kwa nani, na umefikaje kwake. Upige picha kivulini nje ya nyumba, bila flashi, rula ikiwa kando: mbele, nyuma, sahihi, na sehemu yoyote iliyoharibika. Weka nakala kwa ndugu zaidi ya mmoja. Paa ya Paa, jumba la sanaa lililoanzishwa 1965 na Elimo Njau pamoja na wenzake, liliungua 1997. Moto wa namna hiyo huondoka na michoro pamoja na kumbukumbu za watu wengi, na picha iliyo kwenye simu ya binamu yako huweza kuwa ndiyo pekee iliyobaki.

Hatua ya nne: karatasi

Anza na kijitabu cha mazishi. Wasifu uliosomwa kaburini una shule, miaka ya kazi na majina ya marafiki. Kisha tafuta kadi ya ubatizo, barua za kazini na tangazo la kifo gazetini.

Baada ya hapo nenda Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue. Ghorofa ya chini kuna mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais 1966 na mpenzi mkubwa wa sanaa ya Afrika. Sehemu nyingine ya mkusanyo wake iko Nairobi Gallery, katika jengo lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Kwa magazeti ya zamani jaribu maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931. Nenda ukiwa na miaka uliyokwisha kukisia, maana kupekua gazeti la kila siku bila mwaka ni kutafuta sindano baharini. Na mtafute kwa kazi yake ya riziki pia: karani wa reli huonekana kwenye karatasi za reli hata kama hakuna mwandishi aliyewahi kumsifu.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Kayole: Sahihi ni herufi mbili tu. Nitajuaje ni za babu?*

Zilinganishe na mwandiko wake kwenye barua au vitabu vya hesabu, kisha na michoro ambayo familia haina shaka nayo. Tazama pia anavyochora mikono na masikio, maana mchoraji hubadili sahihi lakini mkono wake haubadiliki upesi. Usiongeze jina juu ya mchoro, hata kwa penseli.

*Mwanachama wa Umoja: Tunagawana urithi. Kila mtu achukue mchoro wake?*

Gawaneni, lakini baada ya daftari kukamilika.

*Mwanachama wa Lang'ata: Kuna mtu anachapisha mchoro wa marehemu mama kwenye kadi. Anasema aliununua.*

Alinunua mchoro, hakununua haki ya kuunakili, isipokuwa kama mama alimwachia kwa maandishi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki hiyo hudumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki, na hurithiwa kama mali nyingine. Kusanyeni cheti cha kifo, hati za mirathi na picha za mchoro, mwende Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Marekebisho ya 2019 yaliongeza pia haki ya msanii au warithi wake kupata asilimia 5 ya bei mchoro unapouzwa tena kibiashara, kwa hiyo ulizieni na hilo.

*Mwanachama wa Kariobangi: Baba alichora mabango na kuta za hoteli. Zote zimepakwa rangi upya. Nitaanzia wapi?*

Hiyo ni kazi ya sanaa na iingie daftarini. Tafuta picha za harusi, za sikukuu na za ufunguzi wa maduka, kwa kuwa watu walipenda kupigwa picha mbele ya kuta hizo. Waulize wenye hoteli wa zamani na wapiga picha wa mtaa. Kisha tembea na baba, kama angali na nguvu, akuonyeshe kila ukuta alioupaka, nawe uandike mahali, mwaka na alichochora hapo.