Sandwichi ya jibini na kima: nyama ikauke, moto uwe mdogo

Sandwichi ya jibini yenye nyama ya kusaga huharibika kwa namna mbili. Ama mkate unaungua jibini likiwa bado gumu, ama nyama inatoa maji na kuulowesha mkate hadi unakatikia mkononi. Yote mawili yanazuilika, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla mkate haujagusa kikaango.

Vipimo hivi vinatosha sandwichi nne za kushibisha: slesi 8 za mkate, kima ya ng'ombe gramu 350, jibini gramu 240, kitunguu maji kikubwa 1, punje 3 za kitunguu saumu, tangawizi mbichi iliyokunwa kijiko kidogo 1, nyanya ya kopo kijiko kikubwa 1, unga wa ngano kijiko kidogo 1, bizari nyembamba ya unga nusu kijiko kidogo, pilipili manga kiasi hicho hicho, chumvi nusu kijiko kidogo, majani kidogo ya giligilani, nusu ndimu, mafuta ya kupikia kijiko kikubwa 1, na siagi gramu 60 ya kupaka nje. Chumvi hiyo itaonekana haba. Usiiongeze, kwa sababu gramu 60 za jibini zinazoingia katika kila sandwichi zina karibu gramu nzima ya chumvi, na siagi nyingi za dukani nazo zimetiwa chumvi.

Anza na nyama. Bucha akusagie steki yenye mafuta kidogo. Jibini litaleta mafuta yake, na kima iliyojaa mafuta itachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Kama kima imetoka kwenye friza, iache iyeyuke ndani ya friji, kisha umwage maji yaliyojikusanya chini ya bakuli.

Pasha kikaango kipana hadi kiwe moto hasa, tia mafuta, tandaza kima yote na uiache dakika tatu bila kuikoroga. Usifunike. Kima itatoa maji na kuanza kuchemka, na wapishi wengi huishia hapo wakiona rangi nyekundu imetoweka. Endelea. Sikiliza mlio wake: mchemko mzito ukigeuka kuwa mlio mkavu wa kukaanga, maji yamekwisha na nyama inaanza kushika rangi ya kahawia, ambako ndiko ladha iliko. Ivunjevunje kwa mwiko mpaka kusiwe na bonge linalozidi punje ya dengu. Mabonge makubwa huusukuma mkate juu, na sandwichi ikikatwa yanaanguka.

Sasa tia kitunguu maji kilichokatwa kidogo kidogo, ukaange dakika tano, halafu saumu, tangawizi, bizari, pilipili manga na chumvi. Nyanya ya kopo ifuate, na uikaange dakika mbili mpaka wekundu wake uwe mzito. Nyanya mbichi usiitie hapa. Karibu yote ni maji, na itakurudisha ulikotoka. Nyunyiza unga, koroga, ongeza vijiko vikubwa vitatu vya maji, koroga tena dakika moja. Unga huo mdogo unakusanya majimaji yaliyobaki na kuishikanisha kima, isimwagike kama mchanga.

Kipimo cha kujua nyama iko tayari: isogeze upande mmoja wa kikaango, kiinamishe, subiri nusu dakika. Kikitiririka kimiminika chenye maji, rudisha motoni. Yakionekana matone machache ya mafuta tu, ondoa, kamulia ndimu, changanya na giligilani. Itandaze kwenye sinia ipoe kwa robo saa. Nyama ya moto inafukiza mvuke ndani ya mkate, na nyama iliyotoka friji inachelewesha jibini kuyeyuka. Inayotakiwa ni yenye uvuguvugu tu.

Jibini ndilo linalowachanganya watu wengi, kwa kuwa si kila jibini huyeyuka. Gouda na cheddar ambayo haijakaa muda mrefu hulainika vizuri zikifika nyuzijoto 65 hivi, kwa sababu utando wa protini unaolishikilia jibini huwa umelegea kiasi cha kutosha. Cheddar iliyokomaa sana ina ladha kali, lakini ikipata moto hutoa mafuta na kubaki na chembechembe. Paneer haiyeyuki hata ukiikaanga saa nzima, kwa kuwa hugandishwa kwa ndimu au siki. Halloumi nayo hubaki na umbo lake. Mozzarella huvutika nyuzi ndefu za kupendeza, ila ladha yake ni pole na ina unyevu mwingi. Mchanganyiko unaofanya kazi vizuri ni gramu 160 za gouda au cheddar changa na gramu 80 za mozzarella. Kwa walio Goma na miji jirani, jibini la Masisi ni la jamii ya gouda na linafaa mno kwa kazi hii.

Nunua jibini la kipande na ulikune mwenyewe kwenye matundu makubwa, likiwa baridi. Lile linalouzwa likiwa limekunwa tayari mara nyingi hupakwa wanga ili lisigandamane, na wanga huo huo unalizuia kuungana linapoyeyuka. Zile slesi za jibini laini zilizofungwa mojamoja kwenye plastiki hutiwa chumvi maalumu zinazozuia mafuta yasijitenge, kwa hiyo slesi moja juu ya jibini lililokunwa inasaidia. Zikiwa peke yake ladha inapwaya.

Mkate uwe wa jana, slesi zenye unene wa sentimita moja na nusu kama unaweza kukata mwenyewe. Mkate mpya unanyonya siagi na kubonyea. Soma pia pakiti: mikate mingi ya madukani ina sukari, na sukari huharakisha weusi, kwa hiyo mkate mtamu unahitaji moto mdogo zaidi ya huu unaoelezwa hapa.

Paka siagi laini upande wa nje wa kila slesi, kijiko kidogo kimoja na nusu, hadi kwenye kingo. Paka mkate wenyewe. Siagi ukiitia kwenye kikaango inakimbilia sehemu moja, na mkate unatoka na mabaka. Samli haiungui upesi lakini inachelewa kutoa rangi. Mayonezi nayo inafaa, inapakika kirahisi na kuiva rangi moja, ingawa harufu ya siagi utaikosa.

Mpangilio ni huu: slesi ikiwa imelala upande wenye siagi, gramu 30 za jibini, vijiko vikubwa vinne vya kima visivyorundikwa, gramu nyingine 30 za jibini, kisha slesi ya juu. Jibini lazima liwe pande zote mbili za nyama. Linafanya kazi ya gundi, na pia linaukinga mkate dhidi ya unyevu. Ukiliweka upande mmoja tu, slesi ya pili itateleza mara unapogeuza. Acha ukingo wa sentimita moja usio na nyama, ila jibini lifike huko, lizibe.

Moto uwe mdogo kuelekea wa wastani. Tone la siagi likitiwa kwenye kikaango litoe povu taratibu na lipite nusu dakika bila kubadilika rangi. Likiwa kahawia mara moja, punguza na usubiri. Kwenye jiko la mkaa, tumia makaa machache yaliyokwisha kuvaa majivu meupe, na ufunge mlango wa jiko ubaki upenyo wa kidole. Tava nene ya chapati ni bora kuliko kikaango chembamba cha alumini, ambacho huunguza pale makaa yalipo na kuacha kwingine kweupe.

Weka sandwichi, funika dakika mbili ili joto lifike kwenye jibini la juu, funua, endelea dakika mbili zaidi. Usiongeze muda wa kufunika, mvuke utarudi chini na kulainisha mkate. Chungulia: upande wa chini ukiwa na rangi ya dhahabu iliyokolea, geuza kwa kijiko bapa huku mkono mwingine ukishikilia juu. Upande wa pili unachukua dakika tatu hivi. Bonyeza kidogo, mara moja, baada ya jibini kuanza kulegea. Anayekandamiza tangu mwanzo anaisukuma nyama nje.

Ikiwa rangi imeiva na jibini bado gumu, zima moto na ufunike dakika moja. Joto la kikaango litamaliza. Mwenye mashine ya sandwichi ya kubana apunguze kima iwe vijiko viwili, la sivyo mfuniko hautafunga na kingo zitapasuka.

Wamarekani wana ndugu wa sandwichi hii waitwao patty melt: badala ya kima huwekwa donge bapa la nyama ya kusaga, jibini la Kiswisi, mkate wa rai (nafaka ya jamii ya ngano), na kitunguu kilichokaangwa polepole hadi kiwe cha kahawia na kitamu. Kitunguu hicho kinastahili kuazimwa. Vipande vya vitunguu viwili vinataka dakika 25 za moto mdogo na chumvi kidogo. Kigawe juu ya kima na utaona tofauti.

Ikitoka motoni, iweke juu ya wavu, au hata juu ya uma mbili zilizolazwa, kwa dakika mbili. Kwenye sahani tambarare mvuke unanaswa chini na ile ngozi kavu uliyoihangaikia inalowa. Kata kwa kisu cha meno, ukikipeleka mbele na nyuma polepole. Kima iliyobaki ifunikwe na iingie friji ndani ya saa mbili. Itadumu siku tatu. Siku ya kuitumia ipashe kwanza mpaka iwe moto kabisa, iache ipungue joto, ndipo uiweke kwenye mkate.