Somo: Kuwatembelea kasa wa bwawa la Mnarani, Nungwi

Bwawa la Mnarani, kaskazini ya Unguja, lilianzishwa na wenyeji wa Nungwi mwaka 1993. Ni bwawa la asili lililo kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake ni ya bahari yenyewe. Kasa walionasa kwenye nyavu za wavuvi huletwa hapa. Ukienda, nenda kutazama. Kushikashika waachie wahudumu.

1. Kutoka mjini Zanzibar panda daladala namba 116. Ukifika Nungwi, ulizia mnara wa taa.

2. Kabla ya kuondoka, uliza habari za maji. Yakipwa, kina hupungua na kasa utawaona kwa karibu. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tofauti ni kubwa zaidi.

3. Usijipake mafuta mikononi. Ukipewa mwani uwalishe, lisha huo huo tu. Mkate na biskuti si chakula chao.

4. Sasa tulia, uangalie kichwa. Hapa ndipo wengi wanapopita mbio, na ndipo penye raha yote. Kasa wa kijani ana kichwa cha mviringo na jozi moja ya magamba kati ya macho. Vipande vya gamba la mgongoni vimekaa ubavu kwa ubavu. Ng'amba, kasa wa aina nyingine, ana mdomo uliochongoka na kupinda kama wa kasuku, jozi mbili za magamba kati ya macho, na vipande vya mgongoni vimepandana. Gamba hilo zuri ndilo lililomponza: amewindwa miaka mingi kwa ajili ya vitana na mapambo.

5. Kasa anapumua kwa mapafu. Akiinua kichwa juu ya maji, mpishe avute pumzi.

Maswali ya wanachama

Swali: Ndugu mwalimu, kwa nini wasirudishwe baharini siku ile ile?
Jibu: Aliye mzima ni bora arudi papo hapo, nakubaliana nawe kabisa. Aliyejeruhiwa anahitaji kupumzika. Ukifika, waulize wahudumu nani ataachiwa na lini. Kwangu mimi, kazi ya bwawa ni kuwaachia.

Swali: Eti kasa kuzaliwa dume au jike ni kwa bahati tu?
Jibu: Hapana, dada. Ni joto la mchanga yanamotagwa mayai. Mchanga ukizidi takriban nyuzi 29, majike huwa wengi.

Swali: Ni kweli nyama ya kasa inaua?
Jibu: Ni kweli, na nakuomba uwaambie wa nyumbani. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watu 9 walifariki baada ya kula nyama ya kasa. 8 kati yao walikuwa watoto. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, wala huwezi kuijua kwa kuitazama nyama. Akinasa kwenye wavu wako, mnasue umwachie. Akiwa amelegea, waite watu wa Mnarani.