Kuomba kesi iahirishwe: barua peke yake haiahirishi

Somo hili ni la kesi za madai, mahakama ya wilaya na ya hakimu mkazi.

1. Soma samansi. Kama ni siku ya kutajwa (kupanga hatua tu, bila ushahidi), ahirisho si kazi kubwa. Kama ni ya kusikilizwa, Amri ya 17 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inataka sababu ya kutosha.

2. Pima sababu yako. Ugonjwa, msiba wa karibu, wito wa mahakama ya juu siku hiyohiyo, barabara kukatika (kama Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata njia ya Dar–Lindi): hizo zinasikika, zikiwa na ushahidi. Mnada wa korosho hausikiki, hata kama ghala lako limejaa.

3. Andika barua, kwa Kiswahili. Weka namba ya shauri, majina ya pande zote, jina la hakimu, tarehe iliyopangwa, sababu, na tarehe mbili tatu unazoweza kufika. Toa nakala tatu: ya mahakama, ya mpinzani, na yako igongwe muhuri wa mapokezi. Mpinzani akikubali, aandike. Hakimu bado anaweza kukataa.

4. Siku yenyewe awepo mtu. Wengi huangukia hapa. Barua kupokelewa masjala (ofisi ya nyaraka za mahakama) si sawa na kufika kwenye jalada mezani kwa hakimu. Mdai asipoonekana, shauri linaweza kufutwa. Mdaiwa asipoonekana, linasikilizwa upande mmoja. Ndugu uliyemtuma hakutetei, anatoa taarifa tu na kukuletea tarehe mpya. Wakili wako akibanwa, amwombe wakili mwenzake asimame kwa niaba yake siku hiyo.

Jiandae pia kwa gharama. Mashahidi wa mwenzio wakiwa wametoka Liwale hadi Lindi bure, unaweza kuamriwa kuwalipa.

MASWALI

*Mkuu, nikiugua alfajiri ya siku ya kesi, hapa Tandahimba?*
Nenda hospitali kwanza, na saa hiyohiyo mtu aelekee mahakamani. Cheti kiwe cha siku ile na kiseme huwezi kufika. Cha "alitibiwa akaruhusiwa" ni dhaifu, na kilichoandikwa siku tatu baadaye kinazua maswali.

*Shahidi wangu yuko Dar, mimi niko Kilwa. Niombe ahirisho?*
Omba kwanza asikilizwe kwa video, mapema kabla ya tarehe. Ahirisho la pili kwa shahidi yuleyule hupatikana kwa shida.

*Naomba msaada, kesi yangu Nachingwea imefutwa nikiwa safarini. Nifungue upya?*
Hapana, kama mdaiwa alikuwepo siku ile. Peleka maombi ya kuirejesha, yakiambatana na hati ya kiapo (maelezo yako ya maandishi uliyoyaapia), kwenye mahakama hiyohiyo ndani ya siku 30 tangu amri ilipotolewa. Kwenye kiapo eleza ulikuwa wapi siku ile na ulijua lini kuwa imefutwa. Ambatanisha tiketi ya basi.