Funga Daftari Ndipo Ujipime
Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno au Egerton, Kenya, anayejiandaa kwa mtihani, ukishasoma ukurasa mmoja, funga daftari na uandike kwenye karatasi tupu yote unayoyakumbuka, hata mchoro wa neva pamoja na majina ya sehemu zake, kabla ya kufungua tena kukagua ulichoacha. Mwaka 2006, watafiti Roediger na Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walionyesha kwamba wanafunzi waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokuwa mbele. Kurudia kusoma hutupa hisia ya kuelewa, nayo hutudanganya mno. Ukiwa kwenye matatu kutoka Kisumu, jipime kimoyomoyo, daftari likiwa mkobani.